Kiboko Njiani Wakati wa Alfajiri: Habari ya Dandora na Mto Wake

Ukimwambia mtu wa Kisauni au wa Malindi kwamba jamaa yako anaishi Dandora, jambo la kwanza atakalouliza ni jaa. Jaa la taka la Dandora limekuwa mashuhuri kuliko mtaa wenyewe. Lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 ndani ya machimbo ya mawe, likatangazwa mwaka 2001 kwamba limejaa, na baada ya hapo malori yameendelea kumwaga kana kwamba tangazo lile lilitolewa kwa lugha ya kigeni. Jambo la pili atakalouliza ni usalama wa njiani, naye atakuwa anakusudia wezi. Habari za kiboko hazimpitikii. Kiboko ni mnyama wa Tana, wa Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, wa mdomo wa Sabaki. Wa Nairobi ni simba na fisi, tena wa upande wa mbuga, mbali na Eastlands.

Lakini jina la Dandora halikomei mtaani. Ukishuka na Mto Nairobi kuelekea mashariki, ukapita Maili Saba na Njiru, utafika Ruai, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji. Huko ndiko yaliko mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka yanayoitwa kwa jina la Dandora ingawa mtaa wenyewe umebaki nyuma. Majitaka ya sehemu kubwa ya jiji huteremka kwa mabomba hadi hapo, yakatuama bwawa baada ya bwawa, yakafanyiwa kazi na jua na vijidudu, kisha yakarudishwa mtoni. Mabwawa hayo yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa kuwa maji hayakauki hata katika kiangazi kikali, wanyama waliyagundua zamani. Watazamaji wa ndege huyafahamu vizuri kuliko majirani: bata wa kila namna, korongo, na mara nyingine heroe wenye mabawa ya waridi. Viboko nao wamo. Kiboko hajali maji yametoka wapi. Anataka maji ya kumfunika mgongo mchana na majani ya kula usiku, na Ruai ina vyote viwili.

Nililijua hilo kwa mdomo tu hadi mwezi wa Shaabani uliopita, nilipokwenda kukaa siku chache kwa mke wa binamu yangu, Dandora Phase 4. Wifi yangu huyo anauza mboga. Kila siku ya pili hutoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, akapanda matatu hadi Njiru, kisha akatembea kwa miguu hadi kwenye mashamba madogo yaliyo ukingoni mwa mto kununua sukuma wiki kwa wakulima wenyewe. Akichelewa, wachuuzi wa Kariobangi wamemtangulia na bei imepanda. Nilifuatana naye siku moja ili nimsaidie kubeba.

Tulipoiacha barabara giza lilikuwa bado halijapasuka. Kijia chenyewe ni chembamba, mkono mmoja matete na mto, mkono wa pili mahindi yaliyokwisha vunwa. Tulikuwa tukizungumza habari za harusi. Mbele yetu, palipo na kama lundo la udongo lililomwagwa na lori, pakatoka sauti ambayo siwezi kuifananisha ila na mtu mnene anayekoroma ndani ya pipa tupu. Lundo likainua kichwa.

Wifi alinishika mkono kwa nguvu hata alama zikabaki. "Wifi, usikimbie," akaninong'oneza. "Usipige kelele. Njoo huku juu." Akanivuta pole pole upande wa mahindi, mbali na mto, mpaka tukawa nyuma ya mkalitusi mkubwa. Mimi miguu ilikuwa imekufa. Nilisikia majani yakivunjika, nikasikia pumzi, kisha mnyama yule akapita hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama muda mfupi kabla, akateremka kwenye matete, na maji yakapokea kishindo. Kimya kikarudi. Kongoti waliokuwa juu ya miti hawakujishughulisha hata kugeuza shingo.

Dakika chache baadaye alitokea mzee mmoja mkulima na debe lake la kugonga. Alituamkia, akatutazama tulivyokuwa tukitetemeka, akasema, "Huyo alikuwa anarudi kwake. Amechelewa leo." Kisha akatuonyesha kitalu cha mboga alichokula usiku. Wifi yangu alikaa chini, akanywa maji, akasoma alichosoma kimoyomoyo. Halafu akanunua mboga zake zote kama kawaida, kwa kuwa bila mboga hizo siku ile watoto wake hawali.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitake kuandika. Tulipofika nyumbani majirani walikuja kutupa pole, na kila aliyeingia alikuwa na shauri moja: wanawake wasitoke gizani. Ni shauri la mapenzi, nami silidharau. Lakini nilijiuliza wanaolitoa watamlipia nani kodi ya nyumba. Mwanamke wa Eastlands anayeuza mboga, anayefagia ofisi za mjini au anayeanza zamu ya kiwanda saa moja hana alfajiri nyingine ya kuchagua. Kwa hiyo badala ya kumwambia akae ndani, afadhali ayajue mambo anayoyajua mzee wa debe.

La kwanza ni saa. Kiboko ni mnyama wa ratiba. Ngozi yake haivumilii jua, hukauka na kupasuka, ndiyo maana mchana hushinda majini, macho na pua juu, mwili wote chini. Jua likizama hutoka kwenda kula majani, naye hula hadi kilo 40 kwa usiku mmoja, wakati mwingine akienda kilomita kadhaa kutoka mtoni. Kabla jua halijachomoza hurudi. Msomaji ataona mara moja kwamba saa zake za kutoka na kurudi ni saa za Magharibi na Alfajiri, na hizo ndizo saa ambazo sisi tunakwenda msikitini, watoto wanarudi chuoni, na mama yuko njiani. Anayeishi karibu na mto wenye viboko hahitaji saa ya mkononi kuujua wakati wa hatari, adhana inamwambia.

Wakati wa ukame ratiba hiyo huharibika. Majani yakipungua, kiboko hutoka mapema, huenda mbali zaidi, hurudi amechelewa, na anaweza kuonekana hata mchana akiwa na njaa na hasira.

La pili ni njia yake. Kiboko hupita palepale kila usiku, mwaka baada ya mwaka, na miguu yake imeachana sana, hivyo huacha mifereji miwili iliyosimama sambamba na tuta la majani katikati, kama njia ya gari dogo. Nyayo zake zina vidole vinne. Ukingoni utaona mavi yametawanywa juu ya vichaka, maana huyapiga kwa mkia ili kuweka alama ya mipaka yake. Kuna hadithi wazee huwasimulia watoto, kwamba kiboko alipoomba ruhusa ya kukaa majini aliahidi kutokula samaki, na mpaka leo hutawanya mavi yake ili ionekane kwamba hayana miiba. Hadithi ni ya kuchekesha, lakini mtoto aliyeisikia atakumbuka kutazama vichaka. Ukiona dalili hizo kwenye kijia unachokitumia, jua kwamba kijia hicho kina mwenyewe mwingine, tena pengine ndiye aliyekichimba wa kwanza.

La tatu ndilo alilolifanya wifi, naye alifundishwa na wakulima. Kiboko wa nchi kavu akishtuka hukimbilia maji, na chochote kilichosimama kati yake na maji hukikanyaga au kukiuma. Watu wengi wanaoumizwa na kiboko hawakumchokoza. Walikuwa wamesimama mahali pabaya. Kwa hiyo mtu asikimbilie mtoni, wala asibaki kwenye kijia kinachoteremkia mtoni. Aondoke kwa upande, apande juu, ajifiche nyuma ya mti mnene, kichuguu au jiwe, au apande mti akiweza. Kushindana naye kwa mbio ni kujidanganya: mnyama wa tani moja na nusu, na dume huzidi hapo, anaweza kukimbia karibu kilomita 30 kwa saa, na hakuna buibui itakayomshinda. Akiwa majini akapanua kinywa, hapigi miayo ya usingizi, anaonya. Mama mwenye ndama haonyi hata mara moja. Na mtu asimwangazie tochi ya simu machoni wala asisogee kumpiga picha. Mwezi Agosti mwaka 2018 mtalii wa Taiwan aliuawa na kiboko kandokando ya Ziwa Naivasha na mwenzake akajeruhiwa. Walikuwa ukingoni mwa maji jioni, wakipiga picha.

Jambo dogo la kwetu wanawake: nguo nyeusi gizani haionekani, na hiyo ni hatari kwa bodaboda kuliko kwa kiboko. Leso ya rangi nyeupe mabegani haivunji sitara. Na kutembea wawili watatu huku mkizungumza ni bora kuliko mmoja anayenyata, kwa sababu mnyama anayekusikia mbali hupata nafasi ya kukuepuka. Tulichokosa sisi siku ile ni kwamba upepo wa mto ulikuwa ukituletea sauti yake na kuipeleka yetu nyuma.

Labda msomaji wa Mambrui atasema haya ni ya watu wa bara. Namwomba aufuate mto. Maji yanayotoka kwenye mabwawa ya Dandora huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi kabla ya maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk. Athi hupita Ukambani, hukutana na Mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Ni mto mmoja wenye majina manne. Viboko wapo sehemu nyingi za mto huo, kuanzia ukingo wa mbuga ya Nairobi hadi kwenye matope ya Sabaki, ambapo wavuvi huwapita kila siku. Taka zinazotupwa mtoni pale Dandora nazo hufuata njia hiyohiyo, na hilo linastahili makala yake peke yake.

Wengi wetu tunamkumbuka kiboko mmoja wa Sabaki. Mwezi Desemba mwaka 2004 mafuriko yalilisukuma kundi la viboko hadi mdomoni mwa mto, na kiboko mchanga akabaki peke yake baharini kwenye miamba ya Malindi, siku zilezile bahari ilipochafuka kwa tsunami. Watu mamia walijitokeza ufuoni. Wavuvi na wenyeji walihangaika naye kwa nyavu na kamba mpaka wakamtoa, akiwa na uzito wa kilo 300 hivi, akapelekwa Haller Park kule Bamburi. Huko alipewa jina la Owen na akajiambatanisha na kobe mkongwe aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, wakala pamoja na kulala pamoja. Picha zao zilizunguka dunia, vitabu vya watoto vikaandikwa. Watoto wetu walilelewa na picha hizo, na si ajabu mtoto wa Pwani kumwona kiboko kama rafiki wa hadithi. Ni vizuri aambiwe pia kwamba Owen alipokua, walinzi walilazimika kumtenga na Mzee, kwa sababu urafiki wa tani moja ungeweza kumwumiza kobe.

Mkasa ule wa Malindi una upande mwingine ninaoupenda: umati ule ulikuja kuokoa. Mara nyingi umati huja kwa jambo jingine. Mwezi Machi mwaka 2016 simba kadhaa walitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mmoja alionekana Mombasa Road asubuhi, magari yakijaa, honi zikipigwa, na akamjeruhi mzee aliyekuwa akipita. Mwingine, dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk, alifika hadi Isinya katika kaunti ya Kajiado. Watu walimzunguka kwa saa nyingi, wengine wakimsogelea kwa simu zao, mpaka akamjeruhi mtu, na tarehe 30 Machi askari wa wanyamapori wakampiga risasi akafa. Na asidhani mtu kwamba hofu hii ni ya bure. Mwezi Aprili mwaka 2025 simba jike aliingia katika makazi ndani ya ranchi iliyo kusini mwa mbuga hiyo, akamchukua msichana wa miaka 14, akamuua kando ya Mto Mbagathi. Msiba ule uliwaliza wazazi wengi nchini.

Kule Njiru na Ruai nyumba zinasogelea mto kila mwaka. Viwanja vinauzwa mpaka kwenye matete, na mnunuzi haambiwi nini hupita hapo usiku. Ndugu zetu kadhaa wa Pwani wamenunua upande huo kwa sababu ya bei. Kabla ya kulipa, mtu akae na wakulima wa ukingoni nusu saa, awaulize habari za usiku. Watamweleza bila malipo yale ambayo dalali hatayasema. Atazame pia mashimo ya machimbo ya zamani yaliyojaa maji, maana hayo huwaua watoto wa Njiru bila kuhitaji mnyama yeyote. Na mahali ambapo kijia cha watu kinakatana na cha kiboko, taa moja ya barabarani na uzio mfupi vingefanya kazi kubwa kuliko mawaidha yote tunayowapa wanawake. Taa hizo zimeletwa katika mitaa mingi ya Eastlands. Vijia vya mtoni vimesahauliwa.

Kuhusu sheria, wengi hawajui kwamba wanayo haki. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine kulingana na ukubwa wake. Mazao yaliyoharibiwa nayo yana nafasi yake. Malipo huchelewa, wakati mwingine kwa miaka, na wapo waliozeeka wakisubiri. Hata hivyo anayesubiri akiwa na karatasi ana kitu. Asiye na karatasi hana.

Hapa ndipo familia za Kiislamu hupata tatizo ambalo wengine hawana. Sisi huharakisha mazishi. Msiba ukitokea usiku, mchana wa pili maiti ameshasitiriwa, na hakuna aliyekumbuka kituo cha polisi. Miezi ikipita, kamati ya kaunti inayopokea madai huuliza ripoti ya polisi na maandishi ya daktari yanayoeleza chanzo cha kifo, na wafiwa hubaki wakitazamana. Kuharakisha mazishi hakuzuii mambo haya kufanyika asubuhi hiyohiyo: mwanafamilia mmoja apelekwe polisi wakati wengine wanaandaa sanda, apige ripoti na kuchukua nambari yake, ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ijulishwe ili askari wake waje kuziona nyayo kabla hazijafutwa na miguu ya watu, daktari aombwe autazame mwili na kuandika alichokiona, na kibali cha mazishi kihifadhiwe. Picha za mahali penyewe, zenye tarehe, zipigwe na mtu mmoja aliyetumwa, wengine wakae mbali. Kwa aliyejeruhiwa ni hivyohivyo, na karatasi za hospitali zisitupwe hata jeraha likipona. Mkulima aliyeliwa mboga naye amwite afisa wa kilimo kabla ya kulima upya.

Mzee wa debe alituambia kwamba hajawahi kudai chochote. Mara tatu shamba lake limeliwa, mara tatu amepanda tena siku ya pili yake, kwa kuwa mbegu haingoji afisa.